Namna ya Kufundisha Darasa Kubwa la Chuo Kikuu ili Wanafunzi Waelewe

Mhadhiri anayekabidhiwa kozi ya mwaka wa kwanza katika chuo kikuu cha umma jijini Nairobi hana budi kutarajia ukumbi wenye wanafunzi 200 au 300, wengine wakiwa wamesimama karibu na mlango kwa kukosa viti, na kipaza sauti ambacho siku nyingine hakitoi sauti. Njia inayowajia wengi wetu katika hali hiyo ni kusoma maelezo huku wanafunzi wakinakili, kisha kuyatuma maelezo hayohayo kwenye kundi la WhatsApp kupitia kwa kiongozi wa darasa. Naielewa njia hiyo, kwa kuwa inamaliza silabasi na haimtii mtu aibuni. Lakini matokeo yake huonekana wakati wa kusahihisha: mwanafunzi anarudisha sentensi zetu neno kwa neno katika swali la kwanza, na katika swali la tatu, ambapo ametakiwa kuitumia dhana ileile katika hali asiyoizoea, anauacha ukurasa mtupu.

Mwongozo huu unaeleza namna ya kuupanga mhadhara wa darasa kubwa ili kila mwanafunzi, akiwemo yule aliyeketi safu ya nyuma kabisa, alazimike kufikiri, kujibu na kujisahihisha akiwa bado ukumbini. Hakuna kifaa cha gharama kinachohitajika. Kinachohitajika ni mhadhiri kuyahamisha maandalizi yake, kutoka kwenye kupanga atakachosema hadi kwenye kupanga watakachofanya wanafunzi.

Faida ya jambo hili imethibitishwa vya kutosha. Mwaka 2014, Scott Freeman na wenzake nchini Marekani walichapisha uchambuzi wa tafiti 225 zilizohusu masomo ya sayansi, uhandisi na hisabati katika ngazi ya shahada ya kwanza. Katika madarasa ya mihadhara mitupu, wanafunzi walioanguka walikuwa takriban asilimia 34. Katika madarasa ambamo wanafunzi walishughulishwa kwa maswali na kazi, walioanguka walikuwa takriban asilimia 22. Tofauti ya namna hiyo ikitokea katika ukumbi wa wanafunzi 300, ina maana ya vijana 36 ambao hawatarudia mtihani, na wazazi wao hawatatafuta karo ya mwaka wa ziada.

Andika maswali ya mtihani kabla ya kuandika mihadhara

Katika vyuo vyetu vingi kozi moja huhesabiwa kuwa ya saa 45, yaani saa tatu kwa wiki. Atakayepanga kana kwamba saa zote 45 ni zake atajikuta anakimbia mwishoni, kwa sababu wiki za mwanzo huliwa na usajili, foleni za vyumba vya bweni na wanafunzi wanaosubiri fedha za mkopo, na wiki za mwisho huliwa na hofu ya mitihani. Panga mada za saa 36 hivi, na zile zinazobaki ziwe za marudio na za dharura.

Sasa, kabla ya kugusa slaidi hata moja, keti uandike maswali matano au sita ambayo mwanafunzi aliyeielewa kozi ataweza kuyajibu na aliyeikariri tu hataweza. Mtaalamu wa elimu John Biggs aliieleza kanuni hii vizuri katika makala yake ya mwaka 1996: malengo ya kozi, shughuli za darasani na mtihani vinapaswa kuvuta upande mmoja. Ukitaka mwanafunzi aweze kulinganisha nadharia mbili, basi alinganishe darasani, alinganishe katika kazi ya nyumbani, na mtihani umtake alinganishe. Ukimwambia wiki nzima kwamba uchambuzi ndio muhimu, kisha mtihani ukamtaka aorodheshe sifa tano, ataamini mtihani, na hatakuwa amekosea.

Hapa inafaa kuuangalia muundo wa karatasi zetu wenyewe. Karatasi ya kawaida huwa na swali la kwanza la lazima lenye alama 30, kisha mwanafunzi huchagua mawili kati ya maswali manne yaliyobaki, kila moja likiwa na alama 20, na alama 30 zinazosalia zimekwisha kutoka kwenye majaribio ya muhula. Muundo huu unampa mwanafunzi mwerevu nafasi ya kuacha nusu ya silabasi bila kuisoma. Dawa yake ni kuligawa swali la kwanza katika vipande vifupi sita au zaidi vinavyogusa kila mada kuu, na kuwajulisha wanafunzi tangu wiki ya kwanza kwamba ndivyo litakavyokuwa.

Ukishayaandika maswali hayo utaona mara moja kwamba baadhi ya mambo uliyokuwa ukiyafundisha kila mwaka hayamsaidii mwanafunzi kujibu lolote. Yaondoe katika mhadhara uyaweke katika orodha ya kusoma. Najua kupunguza kunauma, hasa kwa mtu aliyeipenda taaluma yake miaka mingi, lakini mada nane zilizoeleweka zina thamani kubwa kuliko kumi na nne zilizopitiwa juu juu.

Tunga swali linalofichua kosa

Mwaka 1991 profesa wa fizikia Eric Mazur wa Chuo Kikuu cha Harvard alianza kuukatiza mhadhara wake kwa maswali ya kuchagua, akawataka wanafunzi wajibu kila mtu peke yake, kisha wajadiliane na jirani, kisha wajibu tena. Njia hiyo imeenea katika masomo mengi tangu wakati huo, na kwa ukumbi uliojaa sijaona iliyo bora kuliko hii, kwa sababu haitegemei ukubwa wa darasa: wanafunzi 300 ni jozi 150 zinazozungumza kwa wakati mmoja.

Ufanisi wake umo katika swali. Swali linalouliza maana ya istilahi halina kazi hapa, kwa kuwa jibu lake liko kwenye slaidi. Lifaalo ni lile ambalo mwenye kuelewa nusu atalikosa kwa sababu inayojulikana. Chukua mfano kutoka darasa la utangulizi wa uchumi. Umekwisha kueleza mahitaji na ugavi, na wanafunzi wote wanaweza kuchora mistari miwili inayokatana. Waulize hivi: mvua imenyesha jioni katikati ya jiji, watu waliokuwa watembee kwa miguu sasa wanataka matatu, na nauli ya kwenda Rongai imepanda kutoka shilingi 100 hadi 150. Je, kwanza, mstari wa mahitaji umehamia kulia. Pili, tumesogea tu juu ya mstari wa mahitaji uleule. Au tatu, mstari wa ugavi umehamia kulia?

Wengi watachagua jibu la pili, kwa kuwa wameshika kwamba bei ikibadilika tunasogea juu ya mstari. Hawajatambua kwamba jibu sahihi ni la kwanza: hapa bei ni matokeo, na kilichobadilika kwanza ni idadi ya watu wanaotaka gari katika kila kiwango cha nauli. Kosa hilo lingejificha hadi siku ya mtihani. Sasa limejitokeza mapema, na bado una muda wa kulishughulikia. Tena, karibu kila mara atatokea mwanafunzi atakayesema kwamba mvua huleta msongamano, magari yanafanya safari chache, na kwa hiyo ugavi nao umepungua. Yuko sahihi kabisa, na hoja yake inakupa mlango wa kufundisha mistari yote miwili ikihama kwa wakati mmoja.

Utaratibu wenyewe uende hivi. Eleza dhana kwa dakika 15 au 20, usizidishe. Weka swali ubaoni au kwenye projekta, na ulisome kwa sauti mara mbili ili walio nyuma wasikie. Wape dakika moja ya kimya kamili, kila mtu aandike jibu lake kwenye daftari. Usiivunje dakika hiyo kwa maelezo ya ziada, hata kama kimya kinakutia wasiwasi. Kisha, kwa ishara moja, wote waonyeshe jibu kwa vidole vilivyowekwa kifuani: kidole kimoja, viwili au vitatu. Kidole kilichowekwa kifuani anakiona mhadhiri, hakionwi na aliyeketi nyuma, na kwa hiyo mwanafunzi mwoga hamfuati jirani yake. Huhitaji hesabu kamili. Tazama ukumbi, ukadirie.

Kama walio sahihi ni wachache sana, chini ya thuluthi moja hivi, dhana haijaeleweka na majadiliano yatakuwa ya vipofu; rudi ueleze upya kwa mfano mwingine. Kama wengi mno wamepatia, thibitisha jibu uendelee mbele. Kati ya takriban asilimia 30 na 70 ndipo majadiliano yanapozaa matunda. Waambie kila mmoja amtafute jirani mwenye jibu tofauti na amshawishi kwa sababu, si kwa kusisitiza. Dakika tatu zinatosha. Baada ya hapo waonyeshe vidole tena, na utaona jinsi majibu yalivyosogea.

Msiogope kwamba wasiojua watapotoshana. Utafiti uliochapishwa katika jarida la Science mwaka 2009, uliofanywa katika darasa la jenetiki, ulionyesha kwamba majadiliano yaliboresha majibu hata katika makundi ambayo huenda hakukuwa na mwanafunzi aliyejua jibu sahihi mwanzoni. Kueleza sababu kwa sauti kunamfanya mtu asikie udhaifu wa hoja yake.

Kuhusu lugha ya majadiliano, nina msimamo. Waache wanafunzi wajadiliane kwa Kiswahili, kwa Sheng, kwa lugha yoyote inayowawezesha kufikiri haraka, ingawa mhadhara na mtihani ni kwa Kiingereza. Mwanafunzi aliyetoka shule ya kutwa Turkana au Tana River anaweza kuwa ameielewa dhana barabara na bado akanyamaza, kwa kuogopa kuchekwa matamshi yake na waliosoma shule za kifahari za jijini. Katika jozi, uoga huo huisha. Baada ya majadiliano, chagua wawili au watatu waeleze kwa lugha ya mtihani, na hapo ndipo msamiati rasmi unapofundishwa, ukiwa umejengwa juu ya wazo ambalo tayari lipo. Anayekataza Kiswahili katika dakika hizo tatu anapunguza fikra ili kulinda desturi.

Unapomwita mwanafunzi kueleza, muulize sababu kabla ya kumwambia kama amepatia au amekosa, na umtake pia aliyechagua jibu lisilo sahihi aeleze alichokuwa akifikiri. Baada ya kuuliza, ngoja. Mary Budd Rowe, aliyechunguza madarasa ya sayansi nchini Marekani, aligundua kwamba walimu walikuwa wakingoja kwa takriban sekunde moja tu kabla ya kujijibu au kumwita mwingine, na kwamba walipongoja sekunde tatu au zaidi majibu yalirefuka na wanafunzi wengi zaidi walishiriki. Sekunde tatu mbele ya watu 300 ni ndefu kwelikweli. Hesabu kimoyomoyo.

Katika kipindi cha saa mbili, maswali mawili au matatu ya aina hii yanatosha.

Anza kila kipindi kwa kuwakumbusha bila kuwaambia

Mazoea yetu ni kuanza kwa kurudia tulichosema wiki iliyopita. Wanafunzi wanatikisa vichwa na kudhani wanakumbuka. Badala yake, wape karatasi tupu na maswali matatu: mawili ya wiki iliyopita na moja la wiki tatu au nne nyuma. Waandike bila kufungua daftari, kwa dakika tano, kisha ndipo wafungue na kujisahihisha wenyewe kwa kalamu ya rangi nyingine.

Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walilipima jambo hili mwaka 2006. Wanafunzi walisoma kifungu kimoja mara mbili. Kingine walikisoma mara moja, kisha wakajaribu kuandika walichokumbuka. Dakika tano baadaye kifungu kilichosomwa mara mbili kilikumbukwa vizuri zaidi kidogo. Wiki moja baadaye mambo yaligeuka: walikumbuka takriban asilimia 56 ya kifungu walichojaribu kukikumbuka, na asilimia 42 ya kile walichorudia kukisoma. Waonyeshe wanafunzi wako tarakimu hizi, kwa sababu wengi wao husoma kwa kupaka rangi za kalamu kwenye maelezo usiku wa kuamkia mtihani, na hakuna aliyewahi kuwaambia kwamba kufunga daftari na kujiuliza kunafaa kuliko kurudia kusoma.

Karatasi hizo zisitolewe alama. Zikipewa alama zitazaa kunakili, na utapoteza habari ya kweli ambayo ndiyo ulikuwa ukiitafuta. Zikusanye wiki moja kati ya tatu, usome 20 tu kwa bahati nasibu, na zitakuonyesha mahali darasa limekwama.

Majaribio na kazi za nyumbani

Jaribio la muhula, ambalo kila mtu huliita CAT, mara nyingi hufanyika wiki ya kumi na kurudishwa siku ya mtihani, kama linarudishwa. Kwa kujifunza halina faida yoyote kwa wakati huo. Fanya la kwanza mapema, kati ya wiki ya nne na ya tano, liwe fupi, na ulirudishe ndani ya siku saba. Ukiwa na karatasi 300, sahihisha swali moja kwa karatasi zote kabla ya kwenda swali linalofuata. Utakuwa mwenye haki zaidi, na mkono utazoea kosa linalojirudia. Usiandike maoni marefu kwa kila mmoja. Andika ukurasa mmoja wenye makosa matano yaliyotokea zaidi na namna ya kuyarekebisha, uutume kwa darasa zima, na utumie dakika 20 za mhadhara unaofuata kuyapitia.

Kazi za vikundi ziwe za watu wanne, wasizidi watano, na baada ya kuziwasilisha mwite mtu mmoja kwa bahati nasibu kutoka kila kikundi aeleze sehemu ambayo hakuiandika yeye. Wakijua jambo hilo mapema, watafundishana wao kwa wao. Utaratibu huohuo unasaidia katika suala la akili mnemba, ambayo sasa huandika insha nzuri kuliko wengi wa wanafunzi wetu wa mwaka wa kwanza. Kupiga marufuku kutupu hakuwezi kusimamiwa. Mtake mwanafunzi alete rasimu yake ya mkono, atumie mifano ya mtaa anaoishi au ya data aliyoikusanya mwenyewe, na awe tayari kujibu maswali mawili ana kwa ana. Kuhusu mwakenya, yaani karatasi ya majibu inayoingizwa kwa siri katika chumba cha mtihani, silaha kubwa kuliko msimamizi mkali ni swali ambalo karatasi iliyofichwa haiwezi kulijibu.

Madarasa ya jioni

Wanaosoma jioni wanahitaji mpango wa peke yao. Kipindi kinachoanza saa kumi na moja na nusu humkuta mwanafunzi bado yuko kwenye msongamano wa Mombasa Road au Waiyaki Way, na kinachoisha saa mbili na nusu usiku humfanya aanze kutazama saa dakika 30 kabla, akifikiria usalama na gari la mwisho la kumfikisha nyumbani. Kwa hiyo usiweke dhana mpya katika dakika 20 za kwanza wala 20 za mwisho. Mwanzo uwe wa maswali ya kukumbuka, ambayo aliyewahi anafaidi na aliyechelewa hapotezi mengi. Mwisho uwe wa mazoezi. Katikati, wape mapumziko ya dakika 10, kwa maana wengi wametoka kazini bila kula. Wanafunzi hawa wana hazina ambayo wa mchana hawana: wanafanya kazi benki, hospitalini, katika ofisi za kaunti. Tunga maswali yako kutoka huko.

Malalamiko ya wiki za mwanzo

Ukianza kufundisha hivi, baadhi ya wanafunzi watasema hufundishi. Watasema mhadhiri wa kozi nyingine anatoa maelezo kamili, nawe unawachosha kwa maswali. Mwaka 2019 Louis Deslauriers na wenzake, pia Harvard, walionyesha kwamba wanafunzi wa fizikia waliofundishwa kwa kushughulishwa walijifunza zaidi, lakini wenyewe walihisi wamejifunza kidogo kuliko wale waliosikiliza mhadhara mzuri. Mhadhara laini humpa msikilizaji hisia ya kuelewa. Kuhangaika na swali humpa hisia ya kushindwa, hata wakati anapiga hatua. Kwa hiyo eleza sababu ya utaratibu wako siku ya kwanza, na uueleze tena baada ya jaribio la kwanza, ukiwa na alama zao mkononi.

Wala usingoje fomu ya tathmini ya mwisho wa muhula, ambayo matokeo yake hukufikia wakati darasa limekwisha kutawanyika. Katika wiki ya tano, wape wanafunzi vipande vya karatasi visivyo na majina, wajibu maswali mawili: ni nini katika vipindi hivi kinakusaidia kuelewa, na ni nini kinakuzuia? Zisome jioni hiyohiyo. Huenda utakuta kwamba walio nyuma hawakusikii, kwamba slaidi zina maandishi madogo, kwamba dakika moja ya kufikiri haitoshi kwa maswali yenye hesabu. Kipindi kinachofuata, waambie waziwazi ni lipi utalibadilisha, ni lipi hutalibadilisha na kwa nini, kisha uanze mabadiliko hayo siku hiyohiyo.